Ngozi "ya kunata", shuka mbichi na kijasho chembamba

Swali:

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni muuguzi katika zahanati moja huku Kayole. Tumepewa kazi ya kutafsiri kipeperushi cha huduma ya kwanza kwa ajili ya wahudumu wa afya ya jamii, na neno moja la Kiingereza, clammy, limetukwamisha wiki nzima. Kamusi ya kwenye simu inatupa 'yenye unyevu na kunata'. Mwenzangu mmoja ameandika 'ngozi ya kunatanata', mwingine 'ngozi yenye rutuba'. Mama mmoja anayejitolea hapa aliposoma rasimu alicheka, akauliza kama mgonjwa amemwagikiwa soda. Sasa neno lenyewe ni lipi? Au Kiswahili hakina neno la kitu hiki?"

Jibu:

Marahaba, dada. Nianze na unachokihitaji leo, maana najua vipeperushi huwa na siku yake ya kwenda kuchapishwa. Andikeni hivi: "Ukimgusa, ngozi yake ni ya baridi na imeloa jasho." Basi. Mkipata nafasi ya sentensi ya pili, nitawapa huko mbele, na kwa maoni yangu hiyo ya pili ndiyo itakayookoa mtu.

Na huyo mama wa soda mmuwekee chai. Amewafanyia kazi ya mhariri bila malipo, na amegusa penyewe.

Kosa alilolicheka si la sarufi. Kunata ni kitenzi halali, na kamusi yako ya simu haijasema uongo. Shida ni kwamba neno huja na jamaa zake. Jamaa za kunata ni asali, gundi, ulimbo wa kunasia ndege, utomvu wa fenesi, na kiganja cha mtoto aliyetoka kula embe. Vyote hivyo vimetoka nje ya mwili vikaushika. Ndiyo maana mama aliona soda. Tena hakuna hata kimoja hapo kinachotia hofu. Msomaji akiambiwa ngozi inanata, mkono wake unakwenda kwenye beseni la maji na sabuni, kumbe ulitakiwa uende kwenye simu.

Halafu mwenzako akalirudia shina, akapata "kunatanata", na hapo akalipunguza makali zaidi. Kiswahili kina tabia hiyo. Maji ni maji, lakini kitu cha majimaji kina maji kidogo tu ndani yake. Mtoto anayelia ana sababu, mtoto anayelialia anatafuta kubebwa. Unyevu ukiwa unyevunyevu umeshakuwa wa kuhisi tu, huwezi kuukamua. Si sheria isiyovunjika, kwa sababu tuna chepechepe na tepetepe ambayo hutia nguvu badala ya kupunguza: mtu aliyeloa chepechepe ameloa hasa, anadondosha. Ila hayo ni maneno ya kuigiza hali, yalizaliwa pacha na hayatumiki moja moja. Kunata hakukuzaliwa hivyo.

Utauliza: kama kunata hakufai, Waingereza wamekutoa wapi wakakuweka kwenye ngozi ya mgonjwa? Hapa pana historia ninayoipenda. Wengi, hata wenye lugha yao, hudhani clammy limetokana na clam, yule kombe wa baharini, kwa kuwa naye ni wa baridi na ana ute. Wanaochunguza asili ya maneno hulipeleka kwingine, kwenye kitenzi cha Kiingereza cha kale, clæman, kupaka au kusiriba, chenye undugu na jina la udongo wa matope. Neno lina umri wa tangu karne ya 14, na kunata ndiko kulikokuwa moyo wake. Ubaridi uliongezwa baadaye na watumiaji, mpaka leo Mwingereza akilisikia anaona kwanza pango, mkono wa maiti, au ngazi za chumba cha chini ya ardhi.

Mimi nililielewa neno hili siku nilipojua asili hiyo, si siku nilipolisoma kwenye kamusi. Nimekulia Kaloleni, katika nyumba ya fito na udongo. Kila baada ya mvua kubwa ukuta wa upande mmoja ulikuwa unabomoka vipande, na sisi watoto tuliitwa kukandika. Unachota maji kisimani, unakanyaga udongo mwekundu hadi ushikane, unachukua bonge kwa mikono miwili unalibamiza kati ya fito, unalisawazisha kwa kiganja. Baada ya nusu saa mikono inakuwa ya baridi, imelowana, na udongo umejishika katikati ya vidole hautaki kuachia. Hicho ndicho clammy: mkono wa mtu anayekandika. Kiswahili kina kitenzi chenyewe, kina hata viwili, kukandika na kusiriba, lakini tuliviacha viwe vya ukuta. Hatukuvihamishia kwenye ngozi ya mtu, na leo huwezi kuvihamisha kwa nguvu kwenye kipeperushi cha zahanati.

Kwa hiyo, kuhusu kama Kiswahili hakina neno, mimi huwa najibu kwa kuuliza: umegusa nini? Kiingereza kinalitumia neno moja kwa mkono, ukuta, shuka na hali ya hewa. Sisi tumegawa.

Chukua nguo. Unalala Nairobi mwezi wa Julai, umefua Jumamosi, na Jumatatu usiku shuka imetoka kwenye kamba. Haidondoshi tone, ukiikamua hutoi kitu, lakini ukijifunika inakugandama mwilini kwa ubaridi usioisha. Shuka hiyo ni mbichi. Neno dogo kabisa, lile lile la kuni mbichi na ndizi mbichi. Ningeulizwa ni neno gani la Kiswahili linalokaribia zaidi clammy kwa kitambaa, ningetoa hilo bila kusita, na linanishangaza kwamba watafsiri wengi wa Nairobi hulipita wakaandika "nguo zenye unyevunyevu", kana kwamba wanaandika ripoti. Bibi yangu alikuwa anasema "usivae mbichi, utaumwa kifua", na kila mtu alielewa si suala la kuiva.

Ukuta ni jambo jingine. Ukuta wetu hutoa jasho. Wewe wa Kayole hili hulihitaji kufundishwa. Nyumba ya mabati alfajiri ya mwezi wa saba, pumzi za watu watano zimepanda usiku kucha zikakuta bati limepoa, zikageuka matone, na saa kumi na moja tone la kwanza linamwangukia mtu usoni. "Mabati yanatoa jasho," atasema, ageuke upande wa pili. Au vyumba vya ghorofa ya chini, dirisha limetazamana na ukuta wa jirani kwa upana wa mkono mmoja na jua halijapita hapo tangu jengo liinuke. Rangi inavimba malengelenge, nyuma ya kabati kunaota ukungu. Na hapa Kiswahili kimefanya jambo la ajabu kidogo, ambalo sijui kama umewahi kulitazama: ukungu wa Limuru unaozuia madereva kuona mbele, na ukungu wa kijani unaoota kwenye mkate na ukutani, ni neno moja. Wapo wanaotenganisha kwa kuita huu wa pili kuvu. Wengi hatutenganishi.

Hewa nayo? Hewa ndiyo iliyotuacha watupu kidogo. Pwani tuna fukuto, neno moja lililobeba joto, unyevu na hewa iliyosimama, zote kwa pamoja. Ukisema "leo kuna fukuto" hakuna haja ya kuongeza kitu, shati limeshakushika mgongoni. Kwa upande wa pili, baridi yenye unyevu, hatuna neno moja lililokaa sawasawa hivyo. Tunaunganisha: baridi yenye unyevunyevu, baridi na manyunyu, baridi ya kuzizima. Hiyo ya mwisho ni kali sana kwa ubaridi, lakini haina maji ndani yake. Maji ya mtungi huzizima, na mtu aliyepata habari mbaya mwili humzizima akiwa mkavu kabisa.

Nina maelezo yangu kuhusu pengo hilo. Lugha hii ilikulia pwani, ambako usiku wa Julai unashuka mpaka nyuzi 20 hivi na watu wanatafuta shuka ya pili. Ilikuja kupanda huku juu na misafara, kisha na reli iliyofika Nairobi mwaka 1899, kwenye mita 1,795 au karibu yake, mahali ambapo usiku wa Julai ni nyuzi 11 au 12. Ilikuja na msamiati wake wa joto. Hata kipupwe, neno la watangazaji wetu kila mwezi wa saba, ni neno la pwani kwa majira yao ya ubaridi, ambayo mtu wa Kinangop angeyaita mapumziko. Na kichekesho ni kwamba baridi yetu inaletwa na upepo ule ule wa pwani. Ni kusi, upepo wa kutoka kusini-mashariki uliokuwa ukirudisha majahazi kwao Uarabuni na Bara Hindi. Unatoka juu ya Bahari ya Hindi ukiwa na unyevu, unasukumwa kupanda nyanda za juu, unapoa, na unatandaza yale mawingu ya kijivu yanayokaa juu ya jiji kuanzia Juni mpaka Agosti. Mvua yenyewe ni kidogo, Julai hainyeshi hata robo ya Aprili. Lakini jua halitoki, kwa hiyo kidogo hicho hakikauki. Ndiyo maana mgeni akiangalia vipimo vya mvua hataelewa kwa nini shuka zetu ni mbichi.

Nimetoka nje ya njia. Turudi kwa mwenzako wa "rutuba", kwa sababu yeye mnamwonea. Amekosea kwa msomaji wa leo, lakini amekosea kisomi. Rutuba ni neno la Kiarabu, na kule maana yake ni unyevu tu. Kamusi za Kiswahili za enzi ya ukoloni zililipa maana hiyo hiyo, umajimaji, hali ya kitu kutokauka. Kisha wakulima na walimu wa kilimo wakalichukua, kwa kuwa udongo wenye unyevu ndio unaozaa, na maana ikahama kutoka maji kwenda kwenye uzazi wa udongo. Leo mtoto yeyote wa shule Kenya anajua rutuba ni mbolea na mavuno. Mwambie ukuta wake una rutuba, atakuuliza kama apande sukuma wiki.

Ila kabla hatujalizika, lina kaburi la heshima. Umewahi kujiuliza kwa nini ugonjwa wa viungo unaitwa baridi yabisi? Yabisi ni Kiarabu, kavu. Baridi kavu. Hilo ni bango lililobaki la mfumo mzima wa tiba, ule wa Wagiriki uliopita kwa akina Ibn Sina (980–1037) ukafika kwenye waganga wa mwambao. Kila kitu kilikuwa na sifa mbili kati ya nne: joto au baridi, yabisi au rutuba. Na mwili ulikuwa na maji yake manne. Damu ilikuwa joto na rutuba. Safura ilikuwa nyongo ya manjano, joto na yabisi, ingawa leo tunaliita jina hilo ugonjwa wa minyoo inayomaliza damu. Sauda ilikuwa nyongo nyeusi, baridi na yabisi. Na ya nne, baridi na rutuba, ya kuvutika na kushika, ilikuwa belghamu. Ndiyo, belghamu hii hii ya kikohozi. Kwa hiyo mganga wa Lamu wa zamani angekusikia unauliza neno la kitu cha baridi, chenye unyevu na kinachonata, angekwambia neno lipo, na angekuelekeza kwenye kohozi. Halitufai, lakini napenda ujue kwamba pengo hili halikuwa tupu siku zote.

Sasa mtu. Mwili wa binadamu, na hasa mwili wenye hofu au hatari. Hapa Kiswahili si maskini hata kidogo, kina usemi ambao mimi nauona bora kuliko wa Kiingereza: kijasho chembamba. "Kijasho chembamba kilimtoka." Utausikia kwenye hadithi, polisi wakigonga mlango. Utausikia kwa watangazaji wa mpira, timu kubwa ikisumbuliwa na timu ya mtaani hadi dakika ya 89. Angalia usemi huu ulivyotazama jambo lile lile kwa jicho tofauti. Mwingereza ameweka mkono juu ya ngozi ya mwenzake akaona inashika. Mswahili ametazama jasho lenyewe linavyotoka, akaona si jasho la jembe wala la mjengo, lile linalotiririka kwa wingi na kumpa mtu haki ya kula. Hili ni dogo, ndiyo maana ni kijasho. Ni jembamba, halina uzito. Limetoka bila kazi. Kunata hakumo kabisa, na ubaridi haukutajwa, lakini kila msikilizaji anauhisi.

Basi kwa nini sikukwambia uandike "kijasho chembamba" kwenye kipeperushi na tumalize? Kwa sababu watangazaji wa mpira wamelitumia mno. Msomaji wa Nairobi akikuta "mgonjwa anatokwa na kijasho chembamba" atafikiri mgonjwa ana wasiwasi, atamwambia atulie, Mungu yupo. Nilishawahi kufanya kosa la aina hii mwenyewe, miaka mingi iliyopita, kwenye kijitabu cha ugonjwa wa kisukari. Niliandika kwa madaha kwamba sukari ikishuka mtu "hutokwa kijasho chembamba na mikono humtetemeka". Msomaji mmoja wa majaribio, mzee mwenye akili zake timamu, akauliza, "Anaogopa nini?" Nilikuwa nimejivunia sentensi ile. Tuliifuta.

Kwa mdomo ni tofauti. Ukimhoji mgonjwa anayeshika kifua, "Baba, unatokwa na kijasho chembamba?" ni swali zuri, pengine zuri kuliko lolote, kwa kuwa yeye mwenyewe anajua kama anaogopa au la. Litumie hapo. Litumie pia ukiandika hadithi. Na kama siku moja utatafsiri hadithi yenye salamu ya mkono wa namna hiyo, mkono wa clammy wa mtu usiyemwamini, usitafute sifa. Mlinganishe na kitu. "Alinipa mkono, nikahisi nimeshikishwa samaki aliyetolewa kwenye barafu." Kiswahili kinapenda kuonyeshwa.

Sasa sentensi ya pili niliyokuahidi. Nimeichelewesha kwa sababu inatokana na jambo ambalo si la kamusi, na wewe muuguzi utalijua kuliko mimi.

Mama wa Kayole, wa Likoni, wa Kisumu, akimgusa mtu mgonjwa, anatafuta nini? Anatafuta joto. Kiganja kinakwenda kwenye paji la uso, shingoni, na neno linalomtia hofu ni "mwili moto". Ubaridi kwetu ni habari njema. Mwili ukipoa, homa imeshuka. Moyo ukipoa, hasira imekwisha. Uji ukipoa, unanyweka. Nairobi tumefika mbali zaidi, "poa" ni jibu la kila salamu, na mtu poa ni mtu mwema. Sasa ongeza jasho. Kila aliyeuguza malaria anajua mwendo wake: kwanza anatetemeka, halafu anawaka moto, halafu jasho linamvuja mpaka shuka inaloa, mwili unapoa, anaomba maji, analala. Jasho na ubaridi kwa pamoja ni dalili ya kupona. Wazee husema "jasho limemtoka, sasa atapata nafuu", na mara nyingi ni kweli.

Halafu sisi watafsiri tunakuja na kipeperushi kinachosema ngozi baridi yenye jasho ni hatari. Msomaji haoni hatari. Amesoma kila neno na ameelewa kila neno, na ameelewa kinyume.

Mwenzako atakwambia hilo ni suala la mafunzo, si la tafsiri. Mimi nasema ni la tafsiri. Neno la Kiingereza limebeba hofu ndani yake, lile pango na ule mkono wa maiti. Tukihamisha baridi na unyevu tukaacha hofu njiani, tumehamisha nusu ya mzigo. Kwa kuwa neno letu halina hofu hiyo, sentensi lazima iibebe. Kwa hiyo:

"Ukimgusa, ngozi yake ni ya baridi na imeloa jasho, ingawa hajafanya kazi na hakuwa na homa. Usidhani amepoa. Hiyo ni hatari, tafuta msaada mara moja."

"Usidhani amepoa" ndiyo tafsiri yangu ya clammy, kama utaniuliza kwa dhati. Haimo kwenye Kiingereza hata kidogo, na msimamizi wenu akilinganisha maneno kwa maneno atawauliza imetoka wapi. Mwambieni imetoka kwenye paji la uso la mgonjwa wa malaria.

Kuna sababu ya kitabibu ya kuitia mkazo sentensi hii kwa watu wetu, na utanisahihisha nikiteleza. Mtu aliyepoteza damu nyingi, au ambaye moyo umeshindwa kusukuma, mwili wake hubana mishipa midogo ya ngozi ili damu iliyobaki iende kwenye moyo na ubongo. Ngozi inapoa. Papo hapo neva za dharura na adrenalini zinaziamsha tezi za jasho. Jasho la kazi hutoka juu ya ngozi ya moto, likaruka. Hili limetoka juu ya ngozi iliyopoa, haliruki upesi, linakaa pale kama umande. Vitabu vingi vya huduma ya kwanza hutaja kwanza kwamba ngozi "hupauka". Kwa mtu mweusi kupauka huko hakuonekani kirahisi, inabidi ufunue kope, utazame midomo, ufizi, viganja. Usiku, kwenye chumba cha taa moja, hata hivyo huvioni. Kinachobaki ni mkono wa mhudumu kwenye ngozi ya mgonjwa. Kwa hiyo dalili ya kuguswa ina uzito kwetu kuliko kwa mtu aliyekiandika kipeperushi chenu.

Mambo mawili madogo kabla sijakuachia. Kipeperushi chenu bila shaka kina neno "mshtuko" mahali karibu na hapo, kwa maana ya damu kushindwa kuzunguka vizuri. Nairobi mshtuko ni wa habari mbaya, na shoti ni ya stima. Elezeni kwa maneno, "damu haifiki vizuri mwilini". Na msiandike "ngozi nyevu". Ni sahihi, imo kwenye vitabu vya sayansi, lakini sijamsikia mtu akiisema akiwa amesimama.

Rasimu ikiwa tayari, mrudieni yule mama wa soda. Msimuulize kama ameelewa, atasema ameelewa, sisi sote husema hivyo. Mpeni asome kwa sauti, halafu mmoja wenu alale kwenye benchi na mama aonyeshe angefanya nini. Akichukua kitambaa kumfuta mgonjwa jasho, rudini mezani. Akimfunika kidogo na kuondoka, rudini mezani vilevile, ameona malaria. Akiita mtu au akashika simu, chapisheni.